Majarida ya Zamani kama Zana ya Kufundishia Uchapaji

Mwalimu atakaye wanafunzi wake wafahamu kazi ya kupiga chapa hana haja ya kungojea mashine. Yamtosha majarida machache ya zamani na kioo cha kukuzia. Lakini majarida yenyewe yanatoweka upesi. Hapa Bagamoyo tulipokwenda nyumbani kwa marehemu mwalimu mmoja kutazama sanduku lake la Mambo Leo, tulikuta nusu imekwisha uzwa dukani kwa kufungia karanga. Tulipewa nakala 11 zilizosalia, 4 kati yake bila majalada.

Mambo Leo lilianza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Yako ya kale zaidi katika pwani hii: Msimulizi, lililotoka chuoni Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, na Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kupigwa chapa Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, ambako wanafunzi walifundishwa kazi hiyo hiyo. Uchapaji, basi, si somo geni kwetu.

Mpe mwanafunzi ukurasa, aupapase upande wa nyuma kwa ncha za vidole. Akihisi vijiuvimbe, ajue kuwa ulipigwa kwa herufi za risasi, ambazo sura yake imegeuzwa kama ionekanavyo katika kioo, zikapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Ukiwa laini, huenda ulichapwa kwa ofseti, ambamo wino hupita kwanza juu ya mpira. Kisha aitazame picha kwa kioo cha kukuzia: ataiona ikivunjika kuwa nukta, nene penye kivuli, ndogo penye mwanga. Hapo darasa letu hupiga kelele, nasi huliacha. Mwisho atafute “u” iliyosimama mahali pa “n”. Kosa hilo ni alama ya mkono wa mtu aliyepanga herufi moja moja na kuitia moja juu chini.

Kuhusu utunzaji, tuseme wazi kwamba tuliharibu nakala 2 wenyewe kwa kuziunga kwa utepe wa plastiki. Gundi yake iligeuka manjano ikayala maandishi. Hewa ya bahari nayo hutia kutu pini za chuma, na kutu huila karatasi, kwa hiyo pini tumeziondoa. Majarida tunayalaza kati ya karatasi safi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, nasi hulifungua mara kwa mara. Hatuyaaniki juani, wala hatuyapigi muhuri wa maktaba usoni, desturi mbaya tunayoiona mahali pengi. Mahali jarida lilipopatikana huandikwa kwa penseli juu ya bahasha yake.

Na mwenye duka la karanga tumekwisha patana naye: akiletewa majarida kwa mizani hutuita kwanza, nasi humpa magazeti ya juzi kwa uzito ule ule.