Jina Moja, Matini Nyingi: Tofauti za Matoleo ya Michezo ya Video

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni baadhi ya wanafunzi wa somo la tafsiri wamekuwa wakituletea mapendekezo ya kuchunguza lugha ya michezo ya video, au gemu kama vijana wenyewe wanavyoiita. Tunayapokea mapendekezo hayo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mchezo wenye hadithi, wahusika na mazungumzo ni matini kama zilivyo matini nyingine. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mapendekezo mengi huliruka. Mwanafunzi hutaja jina la mchezo bila ya kusema ni toleo gani.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo si dogo. Tutaonyesha kwamba mchezo wenye jina moja unaweza kuwa matini mbili au tatu tofauti, kutegemea nchi ulikouzwa na mwaka ulipotolewa. Aidha, tutaonyesha kwamba mtu anayetaka kuuleta mchezo katika Kiswahili bila ya kulijua hilo, huenda akatafsiri mabadiliko yaliyofanywa na watu wengine akidhani anatafsiri kazi asilia.

Matoleo ya nchi mbalimbali

Tofauti ya kwanza inatokana na mitambo. Televisheni za zamani za Japani na Marekani ziliichora skrini mara 60 kwa sekunde, ilhali zile za mfumo wa PAL, uliotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya na pia Kenya, Uganda na Tanzania, ziliichora mara 50. Mchezo uliotungwa kwa ajili ya 60, ukihamishiwa kwenye 50 bila ya kurekebishwa, huenda polepole: kazi ya dakika 50 huchukua dakika 60. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, ambao katika toleo la PAL mhusika alipungua mbio na muziki nao ukavutika. Tofauti hii haikufa pamoja na televisheni hizo. Mwaka 2018 kampuni ya Sony ilipouza mashine ndogo ya PlayStation Classic yenye michezo 20 ya zamani, michezo 9 kati ya hiyo ilikuwa ni matoleo ya PAL, na wachezaji waliozoea matoleo ya Marekani walilalamika kwamba inakwenda kwa uzito.

Tofauti ya pili ni ya majina. Katika Street Fighter II, mchezo wa mapigano uliotolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1991, yumo bondia ambaye huko Japani aliitwa M. Bison. Kwa kuwa jina na sura yake vilimkumbusha mtu bondia Mike Tyson, kampuni ilihofia kushtakiwa nchini Marekani. Badala ya kubuni jina jipya, majina matatu yalizungushwa: bondia akawa Balrog, Mhispania mwenye makucha ya chuma aliyekuwa Balrog akawa Vega, na mkuu wa maadui aliyekuwa Vega akapewa jina la M. Bison. Matokeo yake ni kwamba mchunguzi aliyetumia toleo la Japani na mwenzake aliyetumia la Marekani wanaweza kuandika kurasa nyingi juu ya "Vega", kumbe kila mmoja anamzungumzia mtu mwingine.

Tofauti ya tatu inatokana na sheria na maadili ya nchi. Ujerumani ina sheria kali za kuwalinda vijana dhidi ya kazi zenye ukatili, na pia imekataza alama za Wanazi. Mchezo wa Contra, ambao wapiganaji wake ni wanajeshi wawili, uliingia Ulaya mwaka 1990 kwa ajili ya mashine ya Nintendo ukiwa na jina la Probotector, na wanajeshi wale wamegeuzwa kuwa roboti. Wolfenstein 3D wa mwaka 1992, unaohusu mfungwa anayepambana na Wanazi, ulipigwa marufuku huko Ujerumani. Toleo lake la mashine ya Super Nintendo la mwaka 1994 liliondolewa alama za Wanazi na damu, na hata mbwa wakali wa walinzi wakageuzwa kuwa panya wakubwa. Mwaka 2018 mamlaka za Ujerumani zilianza kuruhusu alama hizo katika michezo, baada ya kila mchezo kuchunguzwa peke yake.

Tofauti ya nne ni ya soko, na mfano wake ndio unaowashangaza wanafunzi wengi zaidi. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Japani mchezo uitwao Super Mario Bros. 2. Ulionekana kuwa mgumu mno kwa Wamarekani. Kwa hiyo kampuni ilichukua mchezo wake mwingine wa mwaka 1987, Doki Doki Panic, ambao wahusika wake ni familia yenye mavazi ya Kiarabu, ikawaondoa wahusika hao na kumweka Mario na wenzake, kisha mwaka 1988 ikauuza Marekani kwa jina lile lile la Super Mario Bros. 2. Hivyo kukawa na michezo miwili isiyofanana hata kidogo, yenye jina moja na namba moja. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mwaka 1992 mchezo wa Wamarekani ulirudi Japani kwa jina la Super Mario USA, na mwaka 1993 ule wa Japani ukawafikia Wamarekani kwa jina la The Lost Levels, ndani ya mkusanyiko wa Super Mario All-Stars.

Matoleo ya marudio

Mbali na nchi, kuna suala la wakati. Mchezo ukitolewa upya baada ya miaka kumi au ishirini, mara chache hurudi kama ulivyokuwa. Tuchukue mfano wa Final Fantasy VI, uliotoka Japani mwaka 1994. Mwaka huohuo ulipofika Marekani uliitwa Final Fantasy III, kwa sababu michezo mitatu ya mfululizo huo ilikuwa haijauzwa huko. Mfasiri wake, Ted Woolsey, alipewa takriban siku 30, na nafasi ya kuhifadhi maneno katika kaseti ya mchezo ilikuwa finyu, kwa kuwa Kiingereza huhitaji herufi nyingi zaidi kueleza yale ambayo Kijapani hueleza kwa alama chache. Juu ya hayo, Nintendo ya Marekani haikutaka mambo ya ulevi na dini. Baa zikawa mikahawa, na uganga uliokuwa na jina lenye maana ya utakatifu ukapewa jina lenye maana ya lulu. Mhusika mkuu, Tina, aliitwa Terra, kwani jina Tina lililosikika la kigeni na la ajabu kwa Wajapani ni la kawaida kabisa kwa Wamarekani.

Toleo la PlayStation la mwaka 1999 lilirejesha namba VI. Lile la Game Boy Advance, lililotoka Japani mwaka 2006 na Marekani mwaka 2007, lilikuja na tafsiri mpya ya Kiingereza. Lakini jina Terra lilibaki, maana wachezaji walikwisha kulizoea. Hapa tunajifunza kwamba tafsiri iliyofanywa kwa haraka inaweza kuota mizizi hadi ikawashinda wanaokuja kuisahihisha.

Wakati mwingine marudio hupunguza badala ya kurejesha. Mwaka 2018 Grand Theft Auto IV, uliotoka mwaka 2008, ulipoteza nyimbo nyingi za redio zake kwa sababu idhini ya kuzitumia ilikuwa imefikia kikomo. Redio ya Vladivostok FM, iliyopiga nyimbo za Kirusi, ndiyo iliyoathirika zaidi. Mwaka 2021 matoleo mapya ya michezo mitatu ya mfululizo huo, ukiwamo San Andreas unaojulikana sana na vijana wetu, yalitoka yakiwa na kasoro nyingi, yakiwamo makosa ya tahajia katika mabango ya barabarani ambayo hayakuwamo katika michezo ya awali. Isitoshe, matoleo ya zamani yalikuwa yameondolewa sokoni. Baada ya malalamiko, kampuni iliomba radhi na kuyarudisha matoleo ya zamani ya kompyuta katika duka lake.

Hili la mwisho ndilo linalotupa wasiwasi zaidi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia ya kawaida ya biashara. Kitabu cha zamani hubaki katika rafu hata kama mchapishaji ametoa toleo jipya. Mchezo unaosambazwa kwa intaneti unaweza kubadilishwa ndani ya mashine ya mwenyewe bila ya yeye kuulizwa.

Umuhimu wake kwa wanafunzi wa Kiswahili

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna mwalimu makini atakayeijadili lugha ya tafsiri hiyo bila ya kutaja ni toleo lipi analolisoma. Tunachoomba ni michezo ipewe heshima hiyohiyo.

Katika ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu suala hili lina uzito wa pekee. Darasa moja huwa na aliyecheza kwa Kiingereza na aliyecheza kwa Kifaransa, na mara nyingi toleo la Kifaransa la mchezo wa Kijapani lilitafsiriwa kutoka Kiingereza. Atakayetafsiri toleo hilo kwa Kiswahili atakuwa katika hatua ya tatu, akibeba ndani yake mikahawa iliyokuwa baa na lulu iliyokuwa utakatifu.

Vilevile, toleo la Kiswahili litakuwa na mahitaji yake. Kitenzi chetu hubana maana: "hawatanifuata" ni herufi 13 tu, wakati Kiingereza na Kifaransa huhitaji maneno manne au matano kusema hivyo. Shida iko kwenye ngeli. Programu nyingi huwa na sentensi moja iliyoachwa pengo, na jina la kitu hupachikwa humo mchezo unapoendelea. Tukiandika "... kimepatikana", kisu kitakubali, lakini upanga na dawa vitakataa. Mfasiri mjuzi ataandika "Umepata ...", na pengo hilo litapokea upanga, kisu au dawa bila ya kuvunja sarufi. Uamuzi mdogo kama huo ndio unaolitofautisha toleo lililofikiriwa na lile lililogeuzwa neno kwa neno.

Hitimisho

Tumeona kwamba mitambo, majina, sheria, soko na wakati vyote huubadilisha mchezo ilhali jina lake likibaki lilelile. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayechunguza mchezo wa video ataje mambo manne mwanzoni mwa kazi yake: mwaka wa toleo, nchi au eneo lililokusudiwa, aina ya mashine, na lugha aliyoitumia kucheza. Iwapo mchezo ulibadilishwa baadaye kwa njia ya intaneti, ataje pia tarehe aliyoucheza. Anayekusudia kutafsiri aongeze jambo la tano, nalo ni kueleza ni toleo lipi alilolichagua kuwa matini chanzi na kwa sababu gani. Mistari hiyo michache itamwezesha msimamizi, na yeyote atakayekuja kuisoma kazi hiyo baada ya miaka kumi, kujua ni kazi ipi hasa iliyokuwa ikizungumziwa.