Haibiskasi ya Nchi za Baridi na Msimu wa Mkasi

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, leo anaishi Ohio, Iowa au Minnesota, hahitaji kuelezwa haibiskasi ni nini. Kwao ilipandwa kuwa ua wa nyumba, ikikatwa wakati wowote na bado inachanua. Basi akiikuta dukani mwezi Juni huinunua kwa furaha, akaipanda nje, na baridi ya kwanza ikaimaliza. Aliyoinunua ni ile ile ya kwao, Hibiscus rosa-sinensis. Hiyo huanza kuteseka joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na ughaibuni mahali pake wakati wa baridi ni ndani ya nyumba, karibu na dirisha.

Anayetaka haibiskasi ya kukaa bustanini mwaka baada ya mwaka atafute ndugu yake, Hibiscus moscheutos. Huu ni mmea wa huko huko Amerika Kaskazini, wa maeneo ya majimaji na kingo za mito upande wa mashariki. Kila mwaka sehemu yote iliyo juu ya ardhi hufa, lakini mizizi huvumilia hata nyuzi 29 chini ya sifuri. Kuutambua si kazi. Majani ya ule wa kitropiki yanang'aa kama yamepakwa mafuta, ya huu hayana mng'ao. Maua yake ni meupe, ya waridi au mekundu, na kwenye aina zilizoboreshwa hufikia upana wa sentimita 30. Ukiona ua la rangi ya chungwa au la njano iliyokolea, ujue hiyo ni ya kitropiki.

Mwituni mmea huu hurefuka kupita kimo cha mtu, mashina yakawa machache, na maua yote yakakaa juu kabisa. Kina Fleming, ndugu watatu wa Lincoln, Nebraska, walifanya kazi kwa miaka mingi kuchagua miche iliyofungana vizuri na kustahimili baridi ya kwao. Mojawapo ya aina zao ni Kopper King, yenye majani ya rangi ya shaba. Lakini hata kwa mche bora, umbo zuri hutoka mikononi mwa mwenye bustani, na yote yanategemea jambo moja: ua hutokea kuelekea ncha ya shina lililoota mwaka huu huu. Ukiongeza ncha mapema, umeongeza maua. Ukizikata kwa kuchelewa, umeyatupa.

Kazi ya kwanza ni ya Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mashina makavu ya mwaka jana yakatwe yabaki visiki vya sentimita 10 hivi. Yakate kwa mkasi wenye makali, usiyavute kwa mkono, kwa sababu shina likinyofoka huweza kuondoka na macho yaliyolala kwenye kitako chini ya udongo. Visiki hivyo havichipui. Machipukizi hutoka ardhini, kando yake, na kisiki kinabaki kuwa alama ya mahali mmea ulipo.

Halafu subiri. Hapa ndipo haibiskasi nyingi hupotea bure. Mmea huu hungoja udongo upate joto kwelikweli, na majimbo ya kaskazini unaweza kufika mwisho wa Mei bila kuonyesha dalili yoyote, wakati kila kitu jirani kimeshavaa kijani. Watu huukatia tamaa wakaung'oa ukiwa mzima. Usishike jembe kabla ya katikati ya Juni.

Mashina yakishachipua na kufika sentimita 20, anza kuyapunguza ncha. Inama utazame kwa karibu. Juu kabisa kuna vijani viwili vitatu vilivyokunjamana, na chini yake, kwenye kwapa la kila jani, kuna jicho dogo sana. Ncha hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho hayo yasiamke. Inyofoe ncha kwa kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya jani, nawe umeondoa kizuizi: macho mawili au matatu ya juu yataamka, na shina moja litakuwa na matawi kadhaa. Matawi hayo nayo yakirefuka kidogo, rudia mara moja tu.

Gharama ipo. Maua huchelewa wiki moja au mbili, na kila moja huweza kuwa dogo kidogo. Kwa maoni yangu ni gharama ya kulipwa bila kusita, maana mmea unakuwa mfupi, mnene, na hauangushwi ovyo na upepo. Ila kaskazini acha kabisa kukata ifikapo katikati ya Juni, la sivyo sakitu ya vuli itayakuta matumba hayajafunguka. Asiyetaka kungoja maua apunguze ncha za mashina ya mbele tu. Ya nyuma yatakuwa marefu na kutangulia kuchanua, ya mbele yatafuata.

Kuanzia Julai mkasi upumzike. Kila ua huishi siku moja, kama la bamia, ambayo ni ya ukoo huo huo. Likinyauka lichume kwa vidole peke yake. Usikate tawi, kwa kuwa pembeni yake pana matumba mengine yanayosubiri zamu. Linalohitajika sana wakati huu ni maji. Huu ni mmea wa bwawani, na ukiona kiu hudondosha matumba. Chungulia pia chini ya majani: viwavi vidogo vya kijani huyala hadi ikabaki mishipa mitupu, na vikiwa vichache vinatosha kuokotwa kwa mkono.

Moscheutos isichanganywe na Hibiscus syriacus, kichaka cha asili ya China ambacho Korea Kusini imekifanya ua la taifa. Mashina yake ni ya mti na hayafi wakati wa baridi, kwa hiyo hakikatwi hadi chini. Baridi ikielekea kuisha, toa matawi makavu na yanayokwaruzana, kisha fupisha ya mwaka jana yabaki na macho mawili au matatu ukitaka maua machache lakini makubwa. Sipendi kabisa kukiona kimenyolewa kwa mashine kikawa tufe. Majani hujazana nje, na ndani hubaki fito tupu.

Vuli ikifika na majani kupukutika, acha mashina ya moscheutos yasimame, utandaze majani makavu juu ya kitako. Na kama unaishi nyumba ya kupanga, chomeka kijiti imara kando ya kila mmea na umweleze anayekuja kukata nyasi kuwa hapo pana kitu hai, kwa sababu Aprili ikifika yeye ataona visiki vikavu tu.