Uganda: Ushuru wa sokoni na safari yake hadi kijijini

Muuza ndizi anapolipa ushuru katika soko la kijijini nchini Uganda, fedha hizo huweza kugawanywa kwa ngazi tano za utawala. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 huiachia kaunti ndogo ukusanyaji wa mapato ya vijijini. Kaunti ndogo hubaki na asilimia 65, au zaidi iwapo baraza la wilaya litaridhia, na salio huikabidhi wilaya. Hata pale wilaya inapokusanya yenyewe, kwa makubaliano na kaunti ndogo, hulazimika kurejesha asilimia hiyo 65. Mijini, divisheni na manispaa hugawana nusu kwa nusu.

Msingi wake ni kwamba mkusanyaji asiyenufaika hana ari ya kukusanya.

Mgawanyo hauishii hapo. Katika fungu linalobaki, vijiji hupewa asilimia 25, kaunti asilimia 5 na parishi asilimia 5. Parishi nchini humo ni ngazi ya utawala, wala si ya kanisa. Tuseme zimekusanywa shilingi milioni moja: vijiji vyote kwa pamoja vitapata 162,500. Vikiwa 40, kila kimoja kitaambulia shilingi 4,000 na ushei, kiasi kisichotosha hata kununulia mfuko mmoja wa saruji.

Kaunti ndogo isiyo na soko wala mnada hupata pungufu zaidi. Kwa sababu hiyo, Katiba ya mwaka 1995 iliweka ruzuku za aina tatu kutoka serikali kuu: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha maeneo yaliyo nyuma. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha zinazofika wilayani huwa na masharti, hivyo madiwani hukuta matumizi yamekwisha kupangwa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2005, kodi ya kichwa iliposimamishwa, miaka miwili baada ya Tanzania kufuta kodi ya maendeleo. Wananchi walishangilia, halmashauri zilipoteza chanzo chao kikuu.

Mwaka 2022 Rais Yoweri Museveni alizindua mpango wa maendeleo wa parishi, unaolenga kuipa kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia vyama vya akiba na mikopo. Fedha hizo hukopeshwa kaya, nje ya mgawanyo wa mwaka 1997. Kisima cha kijiji bado hungojea zile shilingi elfu nne.