Taa Tatu Zilizozimika Pamoja

Sisi wa Bugembe tunakaa karibu na bwawa la Nalubaale, lililoitwa Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, lakini taa zetu huzimika kama za watu wengine. Majuzi tulitiwa taa sita za halojeni sebuleni. Jioni ya kwanza tatu ziliwaka kadiri ya robo saa, zikazimika pamoja. Zilipopoa zikawaka tena. Baba alikuwa amekwisha toa fedha za globu mpya.

Nilimwomba angoje. Globu tatu hazifi kwa dakika moja; zikizimika pamoja, tazama kile zinachoshiriki. Umeme wa nyumbani ni volti 240, bali globu hizi hutaka 12 tu, na kazi ya kuupunguza ni ya transfoma iliyofichwa darini. Yetu iliandikwa wati 105, nayo ilibebeshwa globu tatu za wati 50, yaani 150! Ilipopata moto mno ilijizima yenyewe, na heri ilijizima, maana ilikuwa imelala juu ya mbao kavu. Fundi aliisogeza mbali na mbao, akatia globu za wati 20.

Ikizimika taa moja tu, huenda globu imeungua, au waya umelegea kwenye skrubu. Kwa volti 12 mkondo wa umeme huwa mkubwa, na mahali palipolegea hupata moto. Zima swichi kuu kabla ya kupanda ngazi. Globu mpya ishike kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole huharibu kioo chake kinapopata moto.