Ushonaji wa nyumbani Kisesa

Ushonaji wa nyumbani ni kazi ya kutengeneza nguo, mifuko na zawadi ndogondogo kwa ajili ya watu wa familia, ndugu na marafiki, bila kulenga soko. Hutofautiana na kazi ya fundi cherehani anayeishi kwa ufundi wake: fundi hulipwa muda wake, lakini anayeshona nyumbani hatoi fedha ila kwa kitambaa, uzi na vifungo. Kwa hiyo hasara kubwa kwake haiko katika mshono uliopinda, kwa kuwa mshono hufumuliwa na kurudiwa. Iko katika mkasi.

Makala hii inaeleza kazi hiyo jinsi inavyofanyika Kisesa, kata ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza, Tanzania. Kisesa iko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, takriban kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza.

Pamba na kitambaa

Kisesa ni sehemu ya Usukuma, eneo linalotoa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania. Hata hivyo pamba ya mkulima haifiki kwa urahisi kwenye sindano yake. Baada ya kuchambuliwa na kutenganishwa na mbegu, nyuzi nyingi huuzwa nje ya nchi, na kitambaa hurudi kikiwa bidhaa ya dukani. Kiwanda cha Mwatex kilijengwa jijini Mwanza miaka ya 1960 ili kufupisha safari hiyo, na kile cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamoja na hayo, vitenge vingi vinavyouzwa madukani leo vinatoka nje.

Hali hiyo si mpya. Katika karne ya 19 kitambaa kilichosambaa sana kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara kilikuwa marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa Zanzibar kwa meli za Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem. Jina limebaki ingawa meli zilikoma zamani.

Leo washonaji wa Kisesa hununua kitenge na khanga katika maduka ya hapohapo au hupanda daladala kwenda Mwanza mjini, ambako mitaa ya Makoroboi inajulikana kwa wafanyabiashara wadogo. Chanzo kingine ni mitumba. Shuka la mtumba hutoa bitana ya bei nafuu, na suruali ya jinzi iliyochanika magoti bado ina kitambaa kizuri mapajani kinachotosha kutengeneza mfuko imara. Anayejifunza afadhali aanze na shuka la namna hiyo kuliko kitenge kipya.

Vifaa

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ndiyo inayopatikana zaidi. Haihitaji umeme, vipuri vyake hupatikana, na ikitiwa mafuta ya cherehani na kufutwa vumbi hudumu miaka mingi. Nyumba isiyo na cherehani inaweza kushona karibu kila kitu kinachoelezwa hapa kwa mkono, kwa mshono ambao sindano hurudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Mshono huo ni wa polepole lakini haufumuki kirahisi.

Kwa cherehani, sindano namba 14 inafaa kitenge na khanga, namba 11 inafaa vitambaa vyembamba na namba 16 inafaa jinzi. Sindano butu hurusha mishono na kuvuta nyuzi. Wengi hulaumu cherehani wakati kosa ni la sindano. Mafundo ya uzi yakijitokeza chini ya kitambaa, kwa kawaida uzi wa juu umelegea au haukupita mahali pake, basi utungwe upya kabla ya kugusa kitu kingine.

Vifaa vingine ni futi ya kamba, chaki au kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, pini, pasi ya mkaa au ya umeme, na mkasi ambao haukatii karatasi. Hilo la mkasi huleta ugomvi katika nyumba zenye wanafunzi.

Kabla ya kukata

Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, na baadhi ya vitenge huchuja rangi. Kitambaa kipya huloweshwa na kufuliwa, hukaushwa na kupigwa pasi kabla ya kupimwa. Anayeruka hatua hii hushona gauni linalomfaa mtoto siku ya sikukuu tu. Baada ya kufuliwa linambana kwapani.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za urefu na za upana. Kikikatwa sambamba na ukingo wake, nguo huning'inia vizuri. Kikikatwa mshazari huvutika, na upande mmoja wa sketi hushuka kuliko mwingine.

Jambo la tatu linahusu picha. Khanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati na jina, yaani maandishi. Haiwezi kukatwa popote. Mshonaji makini huiweka pindo kwenye upindo wa sketi au ukingo wa aproni, na huamua mapema kama jina litaonekana au litaingia ndani ya mshono. Vitenge vyenye picha za ndege au maua yenye mashina navyo vina juu na chini.

Baada ya hayo vipande vyote huchorwa kwenye kitambaa kabla cha kwanza hakijakatwa. Ikigundulika kwamba mkono mmoja haukutosha, chaki hufutika.

Sketi ya mtoto

Sketi ya lastiki ndiyo nguo rahisi kwa anayeanza, kwa sababu ina vipande viwili vya mstatili tu. Hupimwa nyonga, kiuno na urefu. Nyonga huzidishwa kwa moja na nusu ili sketi iwe na marinda.

Chukua mtoto mwenye nyonga ya sentimita 64, kiuno 56, anayetaka sketi ya urefu wa 45. Mara moja na nusu ya 64 ni 96, kwa hiyo kila kipande kina upana wa 48. Ikiongezwa 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, inakuwa 51. Kwenye urefu huongezwa 4 kwa njia ya lastiki na 6 kwa upindo, jumla 55. Vipande viwili vya 51 vikiwekwa pamoja ni 102, navyo vinaingia katika kitambaa chenye upana wa sentimita 110. Maana yake ni kwamba sentimita 55 za kitenge zinatosha sketi nzima, ilhali asiyepiga hesabu hununua mara mbili ya hapo.

Vipande huunganishwa ubavuni, juu hukunjwa na kushonwa ili kupata njia, na kipenyo kidogo huachwa wazi. Lastiki ya sentimita 54 hupitishwa kwa kutumia pini kubwa ya usalama. Ncha zake hupandana sentimita 2 na kushonwa mara kadhaa, kisha kipenyo hufungwa.

Upindo wa sentimita 6 unaonekana mpana, lakini ndiyo akiba ya sketi hiyo. Mtoto akirefuka hufumuliwa na kushushwa. Alama ya upindo wa zamani hubaki, na wengine huificha kwa utepe.

Mfuko wa sokoni

Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2017 na Rwanda mwaka 2008. Mifuko ya kitambaa laini cha viwandani ilichukua nafasi, lakini mingi huchanika vishikio baada ya safari chache. Mfuko wa nyumbani wa kitenge kizito au jinzi huchukua dagaa, viazi na mchele kwa miaka.

Hukatwa kipande kimoja cha urefu wa sentimita 90 na upana wa 42, kikakunjwa katikati. Kwa namna hiyo chini hakuna mshono, na uzito hubebwa na kitambaa chenyewe. Kama picha za kitenge zina juu na chini, kwa njia hii upande mmoja ndege watakuwa kichwa chini. Hapo hukatwa vipande viwili na kuunganishwa chini kwa mishono miwili.

Ubavuni hutumika mshono wa kufunika. Kwanza pande za nje za kitambaa huangalia nje, na hushonwa nusu sentimita kutoka ukingoni. Kisha mfuko hugeuzwa ndani nje na kushonwa tena sentimita moja, hata kingo zote zikafungiwa ndani. Mfuko hugeuzwa tena, na hakuna uzi unaoning'inia. Mdomo hukunjwa sentimita 1, halafu 3.

Vishikio ni vipande viwili vya sentimita 60 kwa 10, kila kimoja kikikunjwa mara nne kwa upana na kushonwa pande zote mbili. Kila ncha hushonwa kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani. Mshono mmoja wa mlalo hautoshi. Mfuko ukiachia njiani, huachia hapo.

Taulo za kike za kitambaa

Katika vitu vyote vinavyoshonwa nyumbani, pengine hiki ndicho chenye faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 kodi ikarudishwa. Kwa familia yenye wasichana wawili au watatu, taulo za dukani ni gharama ya kila mwezi, na msichana asiyekuwa nazo hubaki nyumbani au hukaa darasani akiogopa kusimama kujibu swali.

Taulo ya kushona ina tabaka la juu la pamba laini, tabaka mbili au tatu za flana au taulo kuukuu katikati, na la chini la kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Mabawa mawili hufungwa kwa kishikizo chini ya chupi. Msichana huhitaji kadhaa ili nyingine zifuliwe. Huloweshwa kwanza katika maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha doa la damu, kisha hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Tatizo huwa katika kuanika. Kwa aibu, wengi huzificha chini ya godoro au nyuma ya mlango zikiwa mbichi, na kitambaa kisichokauka hubaki na unyevu na harufu. Mama au shangazi anayemfundisha msichana kushona amfundishe pia kuzitandaza kwenye kamba mchana, tena bila kunong'ona.

Zawadi

Zawadi za kushona hutolewa zaidi kwa mzazi aliyejifungua, katika ubatizo, harusi na sherehe za kumfunda bi harusi. Kwa mtoto mchanga hushonwa kofia, shuka dogo na nepi za pamba iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa, kwa sababu ni laini kuliko mpya. Vifungo havifai nguo za umri huo, kwani mtoto huweza kuving'oa na kuvimeza; kamba ndefu shingoni pia ni hatari.

Kwa nyumba, zawadi iliyozoeleka ni vitambaa vya makochi vilivyodariziwa, foronya na aproni. Masalio ya vitenge vya miaka mingi huunganishwa kuwa mfarishi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na wanafamilia hutambua ndani yake gauni la fulani na shati la fulani.

Khanga ni suala jingine. Doti nzima ina heshima yake, na mkwe au bibi mzee hupendelea kuipokea ikiwa nzima, ikipindwa tu kingo mbili zilizokatwa. Mwenye kutaka kuonyesha ufundi wake kwa mtu wa namna hiyo ashone mfuko wa kitenge na kuitia doti ndani.