Je, Wajua? Mzimu, Watoto na Filamu Isiyotisha

Mtu wa Nachingwea au Ruangwa ana haki ya kuwa mgumu kuridhishwa na filamu za mizimu. Kusini, kutisha watoto kulikuwa na mafundi wake kabla ya umeme. Haya ni machache ya kukusaidia kuipima filamu inayofuata.

Je, wajua kwamba lipiko huonea mdomoni?
Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji, aitwaye lipiko, huvaa kinyago cha mti mwepesi kinachofunika kichwa kizima, akachungulia kupitia tundu la mdomo. Kinyago hubandikwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki. Mwili hufunikwa nguo gubigubi.

Je, wajua kwamba watoto hawakuambiwa ni mtu?
Wanawake na watoto wasiopitia jando waliambiwa lipiko ni mfu aliyerudi. Mvulana alifunuliwa siri hiyo jandoni, naye akatakiwa kuitunza. Waliokwisha kuogopa ndio waliogeuka walinzi wa hofu ya wadogo zao.

Je, wajua kwamba kamera ya sinema ilifika jirani mwaka 1906?
Mwaka huo Karl Weule, Mjerumani kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu, akarekodi ngoma na nyimbo. Ilikuwa miaka 11 tu tangu ndugu wawili Lumière waonyeshe filamu zao Paris kwa kiingilio.

Je, wajua kwamba mizimu iliwahi kukutana na buldoza?
Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na baadaye kufika Nachingwea, ulikuta huko Kongwa mbuyu uliokuwa mahali pa tambiko na mwingine uliotumika kama jela. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Kilichoushinda ni ukame, ardhi ngumu na mashine zilizochoka. Mizimu haikuhusika.

Je, wajua kwamba filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar ina mzimu?
Ni *Maangamizi*, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyowasilishwa mwaka 2001. Samehe, mgonjwa aliyebeba jeraha la utotoni, hutembelewa na bibi kutoka kwa wahenga. Bibi huyo hakuja kurusha vyombo, alikuja kuponya. Filamu haikuteuliwa, na Tanzania haikuwasilisha nyingine hadi *Vuta N'Kuvute* mwaka 2022.

Je, wajua kwamba Bongo Movie nayo ina fundi wake wa kutisha?
Mussa Banzi aliongoza *Nsyuka* na *Shumileta* katika miaka ya mwanzo ya 2000. Shumileta ni jini mrembo anayempenda binadamu. Na filamu za kigeni zilipoingia kwenye vibanda vya video, zilipata wasimulizi kama Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyezieleza kwa Kiswahili huku akichomekea utani. Msimulizi hodari aliweza kuiokoa hata filamu mbovu.

Je, wajua kwamba filamu inaweza kukatisha tamaa na bado ikatajirisha?
*The Curse of La Llorona* ya mwaka 2019 inamhusu mzimu wa mama wa Meksiko aliyezamisha wanawe na sasa anawinda wa wenzake. Wahakiki wengi waliiponda: milango inabamizwa, sauti inapasuka ghafla, mzimu anajionyesha mno. Iligharimu takriban dola milioni 9, ikaingiza zaidi ya milioni 120.

Je, wajua kwamba “Mama” ni mwanamume?
Katika *Mama* ya mwaka 2013, iliyokuzwa kutoka filamu fupi ya dakika kama tatu ya Andy Muschietti, mzimu anayewalea mabinti wawili porini aliigizwa na Javier Botet, Mhispania mwenye kimo cha karibu mita 2. Kama lipiko, ni mwanamume ndani ya umbo lisilo lake. Na filamu hupungua nguvu kadiri anavyozidi kuonekana.

Kipimo basi ni hiki: sura ya mzimu ikionekana kabla hujayashika majina ya watoto, jua kiingilio chako kimekwenda.