Breki ya Mbele Haina Kosa

"Shikamoo fundi. Nimenunua baiskeli ya resi, naomba unitolee breki ya mbele."

Siku hizi nikisikia hivyo naitikia marahaba huku naficha spana. Wa mwisho alikuwa kijana wa Mkumbi, baiskeli yake ya kwanza, na sababu ni ileile ya wenzake wote: "Ya mbele inabinua mtu." Nieleze kwa mara ya mwisho, kisha tuache.

Shuka. Isukume baiskeli huku unatembea haraka, ubane breki ya nyuma peke yake. Gurudumu litaganda, lakini tairi litaburuta na kuchora mstari vumbini. Rudia kwa ya mbele: baiskeli inasimama papo hapo na nyuma inataka kuinuka. Hapo ndipo watu wanapoogopa, na ndipo penye jibu. Ukifunga breki, uzito wa mwili na mzigo unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, halina cha kuling'ang'aniza ardhini. Hata kwenye lami kavu, anayetegemea ya nyuma tu huhitaji karibu mara mbili ya umbali wa kusimama. Mteremkoni ni vibaya zaidi, kwa kuwa mlima umeshausogeza uzito mbele kabla hujagusa chochote.

Mbona basi wapo waliobinuka? Walibana kwa ghafla, mikono imelegea, mwili ukaendelea na safari yake. Wengine raba ya breki ilikuwa imelegea ikaingia kwenye spoki. Bana kwa kuongeza nguvu kidogokidogo, kaza mikono, sogeza makalio nyuma ya siti. Kwenye changarawe, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Anayeng'oa breki kwa sababu aliibana vibaya, akijikwaa ang'oe na mguu.

Waliokwisha kung'oa humalizia kwa kandambili, soli juu ya tairi la nyuma. Tupige hesabu. Huku kwetu Mbinga, Milima ya Wamatengo inapita mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, wakishuka mita 800, nguvu wanayopaswa kuimaliza inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Upepo utachukua sehemu, lakini ukishuka polepole nyingi inaishia kwenye breki. Hiyo ndiyo kazi unayoipa ndala.

Sasa ununuzi, haraka. Rimu za chuma huteleza zikilowa. Chagua za alumini. Diski za waya ni nzuri kwa tope letu. Diski za mafuta ni nzuri zaidi, ila uliza kwanza nani karibu nawe anaweza kuzitoa hewa. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo unafaa kwa mwendo mrefu wa lami, kwa mfano zile kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay. Upana wake ulingane na mabega yako. Kama utapita njia za mashambani, au ndiyo unajifunza, chukua ulionyooka: vidole havibanduki kwenye breki. Usinunue wa kunyooka ukitarajia kuubadilisha baadaye kwa bei ya soda. Vishikio vya breki haviingiliani, na vya resi huvuta waya mfupi mno kwa breki nyingi za baiskeli za milimani. Hakikisha vidole vinafika. Jua mkono upi unashika breki ipi, maana mitumba hutofautiana. Ukishuka, bana na kuachia. Usibane moja kwa moja hadi chini.

Yule kijana aliondoka na breki zote mbili, raba mpya mbele, na uso wa mtu aliyetapeliwa. Akirudi kunilalamikia nitafurahi. Atakuwa amerudi.